Chapati za maji zilizoumuka: Kifungua kinywa cha mtoto katika baridi ya Mafinga

NDUGU msomaji, asubuhi ya mwezi wa saba pale Mafinga si ya mchezo. Ukungu hutanda kuanzia misitu ya Sao Hill hadi kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, na mtoto anayekwenda shule hutoka nyumbani amejikunyata ndani ya sweta. Swali tunalotaka kulijadili katika safu hii ni dogo kwa sura, lakini ni zito kwa maana: mtoto huyo ametoka nyumbani akiwa amekula nini?

Katika nyumba nyingi jibu ni chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi moja lililochovywa kwenye mafuta, au kiporo cha ugali wa jana. Wengine hutoka na chai peke yake. Tumbo hupata joto kwa muda, lakini mwili haujapata cha kujengea.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mkoa wa Iringa, ambao Mafinga imo ndani yake, ndio ulioongoza nchini kwa udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano, kwa asilimia 56.9. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4 na Rukwa kwa asilimia 49.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Yaani mikoa ile ile inayolima mahindi, viazi, maharage na ngano, inayofuga ng'ombe wa maziwa na kuku, ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Chakula kipo shambani na sokoni, ila hakifiki kwenye sahani ya mtoto kwa mchanganyiko unaotakiwa.

Leo basi tutazungumzia chakula kimoja kinachopendwa na watoto na kinachoweza kubeba yai, maziwa na unga kwa pamoja bila mtoto kulazimishwa. Nacho ni chapati za maji zilizoumuka, ambazo wengine huziita pankeki. Tuelewane mapema kwamba chapati peke yake haiondoi udumavu. Udumavu huanzia tumboni mwa mama na hujengeka zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na huchangiwa pia na maradhi ya kuhara, minyoo na uchafu. Lakini mlo mmoja wa kila siku ukitengenezwa vizuri na kwa usafi ni hatua, na hatua hii iko ndani ya uwezo wa familia nyingi.

Kinachoifanya chapati iumuke

Chapati ya maji ya kawaida ni nyembamba na hunyumbuka. Ile tunayoizungumzia hapa ni nene kama kidole, laini, na ukiikata utaona vitundu vingi ndani yake kama sponji. Tofauti ya hizo mbili ni hewa. Wengi hudhani kuwa ulaini unatokana na mafuta mengi au siagi nyingi. Sivyo. Ulaini unatokana na mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya unga, ambayo hutanuka yanapopata joto, kisha unga unaiva na kukauka kuyazunguka kabla hayajatoroka.

Hewa hiyo huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni hamira, ambayo ni vijidudu hai vinavyokula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi polepole. Ya pili ni beking pauda, ambayo ni mchanganyiko wa soda ya kuokea na asidi kavu. Ikilowa na kupata joto, vitu hivyo viwili hukutana na kutoa hewa ile ile kwa dakika chache. Ya tatu ni mkono wako mwenyewe: ute mweupe wa yai ukipigwa vizuri hugeuka povu zito linalobeba hewa.

Njia ya hamira ni kongwe na watu wa pwani yetu wanaijua vizuri. Mkate wa kumimina na mikate ya chila ya Zanzibar huumuliwa kwa hamira, na majirani zetu Wasomali na Waethiopia wana canjeero na injera zao, ambazo huachwa zichachuke kabla ya kumiminwa kwenye chuma. Beking pauda ni ya juzi tu. Mkemia wa Uingereza, Alfred Bird, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mke wake alikuwa na mzio wa hamira na mayai.

Mafinga si Dar es Salaam

Hapa ndipo akina mama wengi wanapokwama. Unachukua kipimo kutoka kwa ndugu aliyeko Tanga au Dar es Salaam, unakifuata hatua kwa hatua, na chapati inatoka ngumu kama kandambili. Si kwamba hujui kupika. Ni kwamba Mafinga ipo juu, takribani mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na ni baridi. Mambo hayo mawili hubadili kipimo.

Kwanza, baridi huilaza hamira. Hamira hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Unga unaoumuka kwa saa moja pwani unaweza kuchukua saa mbili au tatu jikoni kwako mwezi Juni. Usiongeze hamira ovyo ili kuuharakisha, kwani chapati itanuka uchachu. Uongezee muda na joto: funika bakuli, lizungushie kanga au blanketi safi, uliweke karibu na jiko lakini si juu yake. Wala usimimine maji ya moto kwenye hamira, maana joto likifika nyuzi 60 hamira hufa. Maji yawe vuguvugu, yasiyounguza kidole.

Pili, mwinuko hupunguza mgandamizo wa hewa. Kwa hiyo mapovu hutanuka zaidi na kwa haraka kuliko pwani. Ukijaza beking pauda kwa vijiko vilivyolundika, chapati hupanda kwa kishindo, halafu hunywea katikati na kubaki na ladha chungu ya soda. Tumia kidogo kidogo. Vilevile, maji huchemka kwenye nyuzi takribani 94 badala ya 100, hivyo unyevu hukimbia mapema. Ukiona unga umekauka mno, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa.

Mahitaji

Kipimo hiki kinatosha familia ya watu watano. Kikombe kiwe cha robo lita, na vijiko viwe vya kusawazisha, visilundikwe.

- Unga wa ngano vikombe 2
- Beking pauda vijiko vya chai 2
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Sukari kijiko kikubwa 1
- Mayai 2
- Maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kikombe 1 na nusu
- Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 2
- Iliki iliyotwangwa, punje 3 au 4

Kuhusu harufu, wengi hutumia vanila ya maji ya dukani. Nyingi katika hizo huyeyushwa ndani ya alkoholi, hivyo soma maandishi ya kwenye chupa kabla ya kununua. Anayetaka kuondoa shaka ana iliki, mdalasini au ganda la limau lililokwaruzwa, na vyote hivyo vinapatikana sokoni.

Kuhusu unga, angalia kama mfuko una alama ya kuongezwa virutubishi. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasagaji wakubwa wa ngano kuongeza madini ya chuma na zinki, pamoja na foliki asidi na vitamini B12. Bei yake haitofautiani sana na unga mwingine, na faida yake ni kubwa kwa mtoto na kwa mama mjamzito.

Namna ya kupika

1. Chekecha unga pamoja na beking pauda, chumvi na sukari kwenye bakuli kubwa kavu. Kuchekecha huondoa mabonge na wadudu, na huingiza hewa.

2. Vunja kila yai kwenye kikombe cha pembeni kwanza, ulikague, kisha tenga ute na kiini. Bakuli la ute liwe safi na kavu kabisa. Tone la mafuta au la kiini likiingia, ute hautatoa povu zuri.

3. Changanya viini, maziwa, mafuta na iliki. Mimina kwenye unga na koroga kwa mwiko mara 10 hadi 15 tu. Ukiona vibonge vidogo vimebaki, viache. Ngano ina gundi yake ya asili, na kadiri unavyokoroga ndivyo gundi hiyo inavyokaza. Kosa hili ndilo linalozalisha chapati ngumu kuliko kosa jingine lolote. Kwa chapati ya kusukuma tunakanda sana makusudi. Kwa hii tunafanya kinyume chake.

4. Piga ute kwa uma au kipigio cha mayai hadi uwe povu jeupe linalosimama. Mkono utachoka, ni kawaida. Uingize kwenye unga taratibu kwa kuufunika kutoka chini kwenda juu, bila kuupigapiga. Kama huna muda, unaweza kuchanganya yai zima kwenye hatua ya tatu. Chapati bado itaumuka, ila si sana.

5. Unga uwe mzito, unaodondoka polepole kutoka kwenye mwiko, si wa kutiririka kama uji mwepesi. Uache utulie dakika tano, si zaidi, ili povu lisizame.

6. Weka kikaango kizito kwenye moto mdogo. Dondosha tone la maji: likirukaruka na kukauka, kikaango kipo tayari. Moshi ukitoka, kimezidi moto. Pangusa kwa mafuta kidogo, kisha mimina upawa mmoja katikati. Usiusambaze, uache ujitandaze wenyewe.

7. Funika kwa mfuniko. Mvuke huivisha sehemu ya juu na kuizuia isikauke. Baada ya dakika mbili hadi tatu utaona vitundu juu. Vikipasuka na kubaki wazi bila kuziba, geuza mara moja. Upande wa pili unahitaji dakika moja hadi mbili.

8. Usiikandamize kwa mwiko. Wengi wana tabia hiyo, nayo hufukuza hewa yote uliyoihangaikia. Ili kuhakikisha imeiva, chomeka kijiti safi katikati. Kikitoka kikavu, ipo tayari.

Ukitumia jiko la mkaa, tandaza makaa na uyafunike kwa majivu kidogo ili moto upungue. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi.

Ukikosa beking pauda

Tumia hamira usiku. Kabla ya kulala, changanya vikombe 2 vya unga na kikombe 1 cha maji vuguvugu yaliyochemshwa, pamoja na robo kijiko cha chai cha hamira, ufunike. Usiku wa baridi hautaharibu kitu, bali utaipa hamira muda wa kufanya kazi polepole na kuleta ladha nzuri. Asubuhi ongeza mayai 2, nusu kikombe cha maziwa, chumvi, sukari na mafuta, acha dakika 20 karibu na jiko, kisha pika. Zingatia kwamba yai na maziwa huongezwa asubuhi. Visilale kwenye unga usiku kucha, kwani hapo ndipo vijidudu vya maradhi huzaliana.

Au tumia mtindi. Kwenye vikombe 2 vya unga weka nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, badala ya maziwa tumia kikombe 1 na nusu cha mtindi, na upike mara moja bila kusubiri. Uchachu wa mtindi ndio asidi inayoiamsha soda.

Tahadhari: soda ya kuokea si magadi. Baadhi ya watu huweka magadi ya ziwani kwenye maandazi na chapati ili yaumuke. Magadi hayo yanaweza kuwa na madini mengi ya floraidi, ambayo yakizidi kwa mtoto anayeota meno huyafanya meno kuwa ya kahawia maisha yake yote, na kwa kiwango kikubwa hudhuru hata mifupa. Yaepuke kwenye chakula cha watoto.

Ongeza lishe bila kupoteza ulaini

Ukishaizoea chapati hii, unaweza kuitajirisha. Toa nusu kikombe cha ngano, weka nusu kikombe cha unga wa ulezi. Utapata madini ya chuma na kalsiamu. Usizidishe kiasi hicho, maana ulezi na mahindi havina gundi ya kunasa hewa. Boga lililochemshwa na kupondwa, au viazi lishe vile vya rangi ya machungwa, kiasi cha nusu kikombe, huleta vitamini A na utamu, na hapo sukari haihitajiki tena. Ndizi mbivu iliyopondwa nayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Ukitumia unga wa karanga au wa mahindi, hakikisha nafaka yake ilikauka vizuri na haina ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu kadhaa walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Usafi wa jikoni

Chakula kizuri kikipikwa kwa mikono michafu hugeuka kuwa adui. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hanufaiki na yai wala maziwa, kwani virutubishi hupita tu. Kwa hiyo zingatia yafuatayo:

Mikono. Nawa kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kugusa unga, baada ya kuvunja mayai, baada ya kumsafisha mtoto na baada ya kutoka chooni. Asiye na bomba atengeneze kibuyu chirizi kwa dumu, kamba na kijiti. Maji ya baridi asubuhi yanachoma vidole, na hapo ndipo watu huruka hatua hii. Chemsha kidogo uchanganye.

Mayai. Mayai ya kienyeji mara nyingi huwa na kinyesi cha kuku kwenye ganda. Yasafishe pale unapotaka kuyavunja, si kabla ya kuyahifadhi. Bakteria wa salmonela hufa yai likiiva vizuri, kwa hiyo chapati isiwe na utelezi katikati. Watoto wasilambe mwiko wa unga mbichi. Na si kwa sababu ya yai tu. Hata unga mbichi wenyewe unaweza kuwa na vijidudu.

Maziwa. Hapa kwetu maziwa mengi hununuliwa moja kwa moja kwa mfugaji, jambo ambalo ni zuri, lakini yasitumike mabichi. Yachemshe hadi yapande, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Usitegemee moto wa kikaango umalize kazi hiyo.

Mafuta. Uzuri wa chapati hii ni kwamba inahitaji mafuta ya kupangusa tu, tofauti na maandazi yanayoogelea ndani ya karai. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi yamwagwe, hata kama roho inauma.

Kufungasha. Mtoto anayebeba chapati shuleni awekewe kwenye kopo lenye mfuniko au kitambaa safi kilichopigwa pasi. Usifunge chakula kwenye gazeti, hata hili unalolisoma. Wino si chakula, na zaidi ya hapo kurasa za gazeti hili zina majina matukufu yasiyostahili kufungiwa chakula na kutupwa jalalani. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Kiporo. Baridi ya Mafinga isikudanganye ukaacha chapati mezani kutwa. Zilizobaki zifunikwe, ziliwe siku hiyo hiyo, na zipashwe moto kwenye kikaango kikavu hadi zitoe mvuke.

Moto unaopikia

Mji wetu ni mji wa mbao, na kuni zake nyingi ni mabanzi na vipande vinavyotoka viwandani. Hapa tunaomba usome kwa makini. Vipande vya nguzo za umeme au mbao zilizowekewa dawa, ambavyo mara nyingi huwa na rangi ya kijani au harufu ya lami, visitumike kupikia kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina madini ya aseniki, ambayo ni sumu, na kuyachoma huyatoa kwenye moshi na kuyaacha kwenye majivu. Usipikie, usiote, wala usipeleke majivu yake bustanini.

Jambo la pili ni jiko la mkaa. Baada ya kupika, makaa hubaki na joto, na ushawishi wa kuliingiza jiko chumbani ili watoto wapate moto ni mkubwa. Usifanye hivyo. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala hajui lolote; hulala moja kwa moja. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa ndani ya chumba kimoja ni dalili ya kutoka nje haraka na kuwahi hospitali. Pika penye dirisha lililo wazi, na jiko lilale nje. Mwenye uwezo wa gesi aitumie. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Mezani

Kuna mambo matatu ambayo hufanyika mezani na kuharibu kazi yote ya jikoni.

La kwanza ni chai. Sisi wa Mufindi tumezungukwa na mashamba ya chai, na kunywa chai ni sehemu ya maisha yetu. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula, hupunguza kiasi cha madini ya chuma kinachofyonzwa mwilini. Mtoto mdogo hahitaji chai; mpe maziwa au uji. Mkubwa asubiri saa moja hivi baada ya kula. Badala yake, kipande cha chungwa, parachichi au papai pembeni ya chapati husaidia zaidi, na vitamini C ya matunda huongeza ufyonzaji wa madini hayo.

La pili ni asali. Asali ni tiba na ni neema, na misitu yetu inaitoa nyingi, nayo huendana vizuri na chapati hizi. Hata hivyo mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake bado haliwezi kuzidhibiti, na hulegeza misuli hadi ya kupumulia.

La tatu ni umri. Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo huanza vyakula vya kulikiza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Anapofikisha miezi tisa hivi anaweza kupewa vipande vidogo vya chapati laini akiwa amekaa, na mtu mzima akimwangalia. Ikiwa ni mara yake ya kwanza kula yai, mpe kidogo na umwangalie; akitoka vipele au kuvimba mdomo, acha na umpeleke kwa daktari.

Kwa wakubwa, chapati hizi zinafaa sana wakati wa daku, kwani yai na maziwa hukaa tumboni muda mrefu kuliko chai na mkate mkavu.

Hitimisho

Ndugu msomaji, ukirudi kwenye orodha ya mahitaji utaona hakuna cha ajabu. Mayai mawili, maziwa kikombe kimoja na nusu, unga vikombe viwili. Katika nyumba nyingi za Mafinga mayai hayo hukusanywa bandani na kupelekwa sokoni yote, na maziwa huuzwa yote asubuhi, kisha fedha hiyo hununua sukari ya chai. Hatusemi usiuze. Tunasema kabla ya kuuza, toa fungu la mtoto, kama unavyotoa mbegu kabla ya kuuza mahindi.

Na akina baba, hili si la mama peke yake. Anayeshika fedha ya maziwa mara nyingi ni wewe. Kesho asubuhi, kabla ndoo haijatoka nyumbani, pima kikombe kimoja na nusu kibaki jikoni.

Wabillahi tawfiq.